Kuamka na Watu: Miaka Yangu Katika Nyumba ya Mafuta ya Nyawera

Zawadi ameniomba nikae chini niandike. Kuandika nitaandika, kukaa chini kumenishinda. Karatasi ziko kwenye ubao wa dirisha, mimi nimesimama, na kila baada ya mistari michache naenda kuangalia kama mbabula, lile jiko la makaa, bado ina makala, ingawa sijaweka chungu juu yake. Mkikuta sentensi imekatikia njiani, jueni nilisikia kitu nje nikatoka.

Nawaandikia ninyi mliobaki kazini: Zawadi aliyechukua kiti changu, na wenzake mnaopasha mafuta kule chini. Mambo ya vyeo sitayagusa, maana nyumba yetu haikuwa na vyeo. Kulikuwa na Bibi Mwajuma, halafu kulikuwa na sisi wengine. Nitaandika jinsi tulivyokuwa tunamtengenezea mtu siku yake, tangu anapofungua macho mpaka anapoyafunga. Na naandika kwa ajili yangu pia, afadhali niseme mapema. Tangu nistaafu, tension, presha ya damu, imenipanda na imekataa kushuka. Daktari alinipima, akarudia, akafungua ule mpira mkononi mwangu, kisha akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nilipomjibu alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Maman Nabintu," alisema, "dawa nitakupatia. Lakini dawa peke yake haitaweza. Ile siku unapangiaka batu, jipangie na weye."

Mama yangu aliangushwa na ugonjwa huohuo sokoni, kitunga kikiwa mkononi, na aliishi miaka akiwa amelala upande mmoja bila kusema. Kwa hiyo naogopa. Naogopa sana, na mtu wa aina yangu akiogopa hatulii, anazidi kuzunguka.

Nilifika Nyawera, hapa Bukavu, nikiwa msichana mwenye cheti cha kuhudumia wagonjwa, na hospitali zote zilikuwa zimeniambia nirudi wiki ijayo, wiki ambayo haikufika. Shangazi yangu ndiye aliyenipeleka kwa Bibi Mwajuma. Nyumba yake ilikuwa ya matofali, kwenye mteremko, ina vyumba viwili vyenye vitanda vya mbao, jiko, na kipande cha bustani chenye tangawizi na manjano. Watu waliiita nyumba ya mafuta. Babu yake Bibi alitoka pwani ya mashariki na biashara, akakaa Uvira. Bibi mwenyewe alikulia Bujumbura, ukuta kwa ukuta na mama mmoja Mhindi, mke wa muuza vitambaa. Huyo mama ndiye aliyemfundisha kazi ambayo kwao inaitwa Ayurveda: kumtazama mtu alivyoumbwa, kisha kumpangia siku inayomfaa, saa ya kuamka, ya mafuta, ya kula, ya kulala. Bibi alipenda kusema hakuisomea, alichungulia tu juu ya ukuta. Alichungulia miaka mingi.

Siku ya kwanza hakunionyesha mafuta wala kitanda. Alinipa kigoda jikoni, akaniambia nikae pale mpaka sala ya adhuhuri, nisifanye kitu, nitazame watu wanavyoingia na kutoka. Nilikaa. Halafu nikaona majivu chini ya mbabula, nikayazoa. Nikaona vikombe, nikaviosha. Nilikuwa nimefika kwenye chupa za mafuta, nazipanga kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, nikasikia sauti yake nyuma yangu.

"Nabintu, nilikuambia nini?"

"Nikae, Bibi."

"Na uko nafanya nini?"

"Niko nakaa, Bibi. Ila nilikuwa nafagia kidogo."

Alicheka mpaka akajishika ukutani. "Weye uko mutu ya upepo," akaniambia. "Utasumbuka sana, lakini utatusaidia. Mutu ya upepo anasikiaka mugeni mbele ya kugonga mulango."

Hapo nilianza kujifunza. Watu wameumbwa kwa upepo, moto na udongo wenye maji, kila mtu ana vyote vitatu, ila kuna kimoja kinachoshika usukani. Mtu wa upepo ana mikono baridi na ngozi kavu, anasema haraka, anasahau kula, usingizi wake unakatika mbwa akikohoa. Wa moto ana njaa kali na kiungulia, na usimwambie habari mbaya kabla hajala. Wa udongo ni mpole, analala kama gunia la mahindi, na mvua zikianza kifua chake kinajaa makohozi. Kazi yetu ni kumpa mtu kinyume cha kinachomzidi. Upepo unataka mafuta, vitu vya moto, na saa zisizobadilika. Moto unataka ubaridi na chakula kwa wakati. Udongo unataka tangawizi, kutembea, na mtu wa kuvuta blanketi asubuhi. Wakubwa wengi wa ofisi walikuja kwetu wakijiita moto. Nilipowatazama vizuri, wengi walikuwa udongo uliokasirika.

Na vidonge vya hospitali hatukuvigusa. Mtu akija na dawa za daktari, aliendelea nazo. Bibi alikuwa anamrudisha nyumbani yeyote aliyejisifu kwamba amezitupa kwa sababu yetu. Zawadi, hilo usilibadilishe hata siku moja.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Cha kwanza kilikuwa thermos, na thermos kila nyumba ya Bukavu inayo, kwa hiyo maji ya moto ya asubuhi hayakuwa shida kumfundisha mtu. Cha pili kilikuwa kipande cha shaba cha kukwangulia ulimi. Kile cha Bibi alikipata kwa yule jirani Mhindi, kilikuwa kimeisha kwa kutumika, chembamba kama unyasi. Nilitumwa mtaa wa Kadutu kwa fundi wa mabati anikunjie vingine kutoka kwenye bomba la shaba. Aliniuliza vya nini, nikamweleza kwa heshima zote. Alichonga vizuri, lakini aliwaeleza wenzake, na kwa muda mrefu kila nilipopita kwenye ule mstari wa mafundi, wanaume wazima waliacha nyundo wakanitolea ndimi.

Cha tatu ni mafuta. Bibi alitaka ya ufuta, ambayo yalikuja kwa njia ya Uvira, na njia ya Uvira mnaijua: mvua ikitaka inaibeba, na mvua isipotaka kuna wanaosimamisha magari. Ufuta ukiisha ilibidi tutafute kingine. Mimi, kwa haraka zangu, nilipasha mawese, yale mafuta mekundu ya chikichi. Mteja alikuwa préfet, mkuu wa shule moja, mtu wa upepo kama mimi, na nilimkanda vizuri kweli, akalala palepale kitandani. Alipoamka alikuwa na rangi ya karoti. Aliondoka na shati jeupe, kwenye misa ya Jumapili shati lile lilikuwa halijakubali kuwa jeupe tena, na masikio yake vilevile. Bibi hakunigombeza. Alinipeleka kwa jirani aliyekuwa amezaa, akaniambia niangalie mama wa mtoto anatumia nini: yale mafuta meusi ya kokwa za mawese, yenye harufu, ambayo mama zetu wanapakaa watoto wachanga. Nilipakwa hayo nikiwa mtoto, na sikuwa nimeyafikiria.

Nimerudi, nilisikia kitu nje. Lilikuwa gari la makala tu.

Sasa niseme jambo lililoifanya nyumba yetu iwe nyumba yetu, maana mafuta kila mtu anaweza kupasha. Bibi Mwajuma hakumpangia mtu siku kabla hajaenda kuamka naye. Ndivyo tulivyoita: kuamka na watu. Unafika kwa mtu jua bado halijatoka, unakaribishwa jikoni, unakaa kwenye kigoda, unyamaze. Huulizi analala vipi, hutazami ulimi wake. Unatafuta kitu kimoja anachofanya kila asubuhi bila kufikiri. Ukikiona, hapo ndipo unapotundika kitu kipya.

Kulikuwa na fundi mwashi wa mtaa wa Panzi aliyeshindwa kukumbuka kukwangua ulimi. Nilikwenda kuamka naye, nikaona kwamba kabla ya kuvaa viatu lazima avikung'ute, kwa sababu aliwahi kuumwa na kitu ndani ya kiatu. Tulimwambia aweke shaba yake ndani ya kiatu cha kulia. Hakusahau tena. Kulikuwa na mjane, Mkatoliki hasa, ambaye tumbo lake lilikuwa gumu na maji ya moto hakunywa, alisema hana nafasi. Nafasi alikuwa nayo, alikuwa anasali rozari kabla ya mapambazuko. Tuliweka thermos karibu na rozari, na baada ya kila Salamu Maria kumi akapiga mafunda mawili. Paroko aliposikia alisema Mungu hawezi kukasirikia kikombe.

Kitu kimoja tu. Cha pili hatukuongeza mpaka mtu awe anakasirika cha kwanza kikikosekana. Wateja hawakupenda hivyo. Walitaka siku yote mpya kwa mara moja, kuanzia Jumatatu, na Jumatano walikuwa wameshaichoka. Bibi aliwaacha waseme, halafu akawapa kimoja.

Mtu aliyenisumbua kuliko wote alikuwa Maman Cibalonza, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, wa soko la Kadutu. Alikuwa moto mtupu, sauti inafika kabla yake. Kiungulia kilimchoma kila akilala, akakaa ameegemea ukuta mpaka asubuhi, akafika sokoni akiwa hana nguvu hata ya kubishana bei, na muuza samaki asiyebishana amekwisha. Alikuwa amekonda. Alisema akiendelea hivyo ataacha meza yake, na meza ile ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba yote. Nilikwenda kuamka naye, nikaona, nikampangia: chakula kikubwa ale jua likiwa katikati ya mbingu, wakati tumbo lina moto wa kukipika, na jioni ale kidogo na mapema. Akaitika, "Sawa, maman." Alirudi, kiungulia kilekile. Nikarudia, akaitika tena, akashukuru, akaniletea hata sambaza. Hapa kwetu mtu hamkatalii anayemhudumia. Anaitika vizuri, halafu anaendelea kama zamani.

Nililalamika kwa Bibi kwamba mteja ni mkaidi.

"Uliamuka kwake?" akaniuliza.

"Niliamuka, Bibi."

"Ulikula kwake?"

Sikuwa nimekula kwake. Nilikwenda jioni moja, nikakuta sinia kubwa la bugali katikati, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza zilizobaki sokoni. Watoto, mama mkwe, watoto wa dada yake, mikono yote kwenye sinia moja. Maman Cibalonza alianza kula wengine wakimaliza, akala haraka, mabonge makubwa, kisha akaanza kukunja mikeka. Nilimfuata jikoni.

"Maman Cibalonza, muchana unakulaka?"

"Kula na nani?"

"Weye peke yako, pale ku meza yako."

Alinitazama kama niliyemwambia akaibe. "Nijaze kinywa na bugali muchana, batoto beko na njala ku masomo? Batu bataona. Bataanza kusema: angalia ule mama, anakulaka siri. Ata bugali yenyewe haitashuka, maman. Itasimama hapa." Akajigusa koo.

Nilirudi kwa Bibi nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimempa mwanamke dawa ambayo ingemfanya aonekane mchoyo mbele ya watu wake, halafu nashangaa haimezi. Bibi alifikiri, asubuhi ikaisha. Kesho yake alishuka Kadutu mwenyewe, na kilemba chake cheupe, akakaa juu ya kreti katikati ya wauza sambaza, hakununua kitu. Saa za mchana zilipofika aliuliza kwa sauti:

"Ba maman, leo nani anapika?"

Walicheka. Hakuna aliyekuwa anapika, kila mmoja alisubiri jioni kwake. "Kumbe mutu anauzaka chakula toka asubui na tumbo iko tupu?" aliwaambia. Maneno yalikuwa mengi siku ile, na siku nyingine nyingi. Mwishowe wale mama walianza chungu kimoja nyuma ya meza: leo huyu analeta unga, kesho yule mchicha wa lenga-lenga, samaki ziko hapohapo. Watoto waliosoma karibu walipita wakala mchana nao. Maman Cibalonza akala mchana, mbele ya macho ya watu, kwenye sinia moja na watu. Jioni nyumbani kwake wakanywa uji. Kiungulia hakikuisha chote, lakini kilipungua mpaka akapata nguvu ya kulalamikia magoti, na ugomvi wake wa bei ukarudi, nikausikia kutoka barabarani nikafurahi.

Tangu hapo sikumpangia mtu siku ya peke yake. Kabla ya kumwuliza tumbo lake lilivyo, nilimwuliza: utafanya na nani? Aliyekosa jibu tulimtafutia mtu kwanza, mafuta baadaye. Katika yote niliyojifunza kwa Bibi, hilo ndilo nililolishika sana, na mtaona lilivyokuja kunikuta mwenyewe.

Bibi Mwajuma alizeeka polepole, kwa utaratibu, jinsi alivyofanya kila kitu. Miguu ilipomkatalia mteremko, alihamia chumba cha nyuma. Kila jioni baada ya sala ya magharibi nilimpasha ufuta kidogo, nikaweka mguu wake juu ya paja langu, nikakanda unyayo, vidole, kisigino, halafu ule mwingine. Hiyo ndiyo dawa ya upepo, na uzee wote ni upepo, alisema. Mtu anakauka, usingizi unakuwa mwepesi. Alikuwa ananitazama kutoka juu ya mto.

"Na ya kwako, nani anapakalaka?"

"Mimi mwenyewe, Bibi."

"Ukiwa umesimama?"

Niliongeza mafuta kiganjani, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mguu mmoja juu ya kreti, mafuta mkononi, jicho dirishani. Alikufa msimu wa mvua, asubuhi, baada ya kunywa maji yake ya moto. Nililia kwa nguvu nikiwa napanga chupa. Sikujua kulia nikiwa nimekaa, mpaka leo sijui.

Niliiendesha nyumba baada yake, nikawafundisha ninyi, na msimu huu wa kiangazi nimetoka. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu niliamka saa zangu, nikavaa, na nilishitukia niko kwenye njia panda ya kwenda Nyawera, mkoba begani. Nilirudi nyumbani nikijifanya nilikwenda kununua mkate. Mji nao haukunisaidia. Mnajua tunavyoishi sasa. Simu inalia, mmoja anasema wenye bunduki wameonekana mahali fulani, mwingine anasema uongo, duka linafunga mlango nusu, linafungua, linafunga. Vumbi la kiangazi, upepo kavu, na habari. Siku hizi ukitaka kumweleza mwanafunzi mtu wa upepo ni nani, mwonyeshe Bukavu yote.

Baada ya kutoka kwa daktari nilijipangia siku. Nilifanya nini, mimi niliyekataza watu? Nikaanza vyote mara moja. Kuamka, shaba, maji ya moto, mafuta mwili mzima, kuoga, kukaa kimya, bugali mchana, kutembea kidogo, uji, miguu, kulala. Mteja angeniletea mpango huo ningemfukuza. Vyote vilivunjika, lakini cha mafuta kilivunjika kwa kelele, na sababu yake ni maji.

Kwenye avenue yetu, barabara ya mtaa, kuna bomba moja, chini ya ngazi za udongo. Maji yanakuja yanapotaka, alfajiri, hayamwambii mtu, na yanaweza kuondoka kabla hujajaza dumu la pili, haya tunayoita bidon. Kabla hayajatoka bomba linakohoa. Anayesikia kikohozi kile kwanza ni mimi, miaka yote. Nasimama mlangoni napiga kelele, "Maji!", na avenue nzima inatoka na bidon. Watu walizoea kulala wakijua Nabintu yuko. Basi asubuhi ile nimejipaka ufuta kuanzia mabega mpaka vidole vya miguu, nimefika mahali pa kutulia, ndipo bomba likakohoa. Nilikuwa mlangoni kabla sijafikiri, nimejifunga kitenge, napiga kelele. Ngazi ya kwanza niliipita. Ya pili miguu yenye mafuta ilikwenda njia yake, mimi yangu. Nilishuka zilizobaki kwa makalio mpaka bombani. Majirani waliokuja na bidon walinikuta nimefika wa kwanza, na nimekaa. Ndiyo siku pekee niliyokaa.

Tulicheka, nami nilicheka. Lakini niliporudi ndani moyo ulikuwa unapiga kwenye masikio, upande mmoja wa kichwa unagonga, na nilimwona mama yangu na kitunga chake waziwazi. Nilishika meza. Nilijua vizuri kabisa ningemwambia nini mteja wa namna hii, na sikuweza kujiambia. Nilijaribu tena siku iliyofuata, na nyingine, na kila mara sikio langu lilikuwa bombani.

Halafu, juzi, nilifungua mlango wa jikoni nikamkuta Zawadi amekaa kwenye kigoda changu. Jua lilikuwa bado. Anaishi juu ya mlima wetu na anapita hapa kila siku akishuka kazini, lakini hapiti saa ile, na haingii bila kuita. Alikuwa amenyamaza. Mikono iko juu ya magoti.

"Zawadi, kuko nini? Nani amekufa?"

"Hakuna, maman. Fanya kazi yako."

Nilielewa. Nilisikia haya usoni kama msichana. Nilimwambia kwamba mimi si mteja, hakunijibu; nilimfundisha mwenyewe kutojibu. Kwa hiyo nilifanya kazi yangu. Niliwasha mbabula, nikaenda dirishani, nikarudi, nikafunika thermos, nikaenda dirishani, nikahamisha sufuria, nikaenda dirishani. Aliangalia yote. Alipochoka kuangalia alitoa kichupa kwenye mkoba, akakiweka karibu na makala kipate joto.

"Maman, weye kila asubui unasikilizaka maji," alisema. "Hiyo njo unafanyaka bila kufikiri. Sitakukataza. Sikiliza. Lakini ukiwa umekaa hapa."

"Na bidon?"

"Nilishuka nazo mbele ya kuingia. Iko ku mustari, jirani ataangalia."

"Na wengine, Zawadi? Nani atabaita? Hii avenue yote inanitegemea mimi."

"Kaa, maman."

"Mimi sipakaliwaka. Mimi njo ninapakalaka batu."

"Najua. Njo maana nimekuya. Nitapitaka kila siku, kitu kimoja tu." Alivuta kreti mbele yake, akapiga paja lake kwa kiganja. "Ulituambia tuulize mutu: utafanya na nani? Weye nani alikuuliza?"

Hakuna aliyeniuliza. Bibi aliuliza nani ananipakaa, nikasema mimi mwenyewe. Nilikaa. Pale kwenye kreti mguu wangu ulikuwa mzito kuuinua, nikasema umechafuka, nikasema una nyufa, akauchukua tu. Mafuta yalikuwa na joto lake sahihi. Mikono ile niliifundisha mimi na sikuwa nimewahi kuionja. Alianza kwenye kisigino.

Bomba likakohoa.

Mwili wote uliinuka ndani yangu. Nilishika ukingo wa kreti, kinywa kimefunguka, neno lilikuwa tayari mdomoni. Zawadi hakukaza mikono. Aliendelea kidole kwa kidole, hakunitazama. Nilihesabu watu ambao hawatasikia. Niliona bidon tupu mlango kwa mlango, na mimi niliyestaafu kazi, sasa nastaafu hata bombani.

Ndipo sauti nyingine ikaita nje, ya mwanamke, ya upande wa juu, sauti ambayo sikuijua kuwa kubwa hivyo: "Maji! Maji imekuya! Maji!"

Milango ikafunguka, kandambili zikashuka ngazi, bidon zikagongana, mtu akacheka, mtu akagombana na mtu kuhusu mstari. Kila kitu kilikwenda kama siku zote. Iliniuma. Siwezi kuwaficha, iliniuma kuliko siku niliyokabidhi funguo, na machozi yalinitoka, safari hii nikiwa nimekaa. Mguu ulikuwa bado kwenye paja lake, moto, umelegea, na sikuuvuta.

"Sasa leta ingine," alisema Zawadi.

Nikampa.